Utani wa Kalunde

Siku ile nilitoka kwenye maandamano koo limenikauka, bango liko kwapani, na kitu cha kwanza nilichofanya nilipoingia nyumbani ni kuuliza kama chakula kipo. Sijivunii, nasema tu ilivyokuwa. Asubuhi nzima nilikuwa juu ya gari la matangazo pale sokoni Kisarawe, napiga kelele kwamba hakuna mwenye haki ya kumtia mwenzake kufuli kichwani. Watu wakanipigia makofi hadi nikajiona mtu wa maana. Saa nane mchana nikavuta kiti jikoni kwetu, nikasubiri kupakuliwa na mwangwi.

"Mkombozi karudi," alisema Kalunde. "Kakomboa wote, kabaki na njaa yake."

Sauti yake ilitoka kwenye spika iliyo juu ya jiko. Mikono yake miwili ya chuma, ile inayotembea kwenye reli ya dari, ilikuwa inasonga ugali huku mmoja ukinisogezea maji ya kunawa.

"Ma'mdogo, usinianze. Nimechoka."

"Umechoshwa na nini, na gari lilikuwa linakubeba?"

Nilinawa. Kalunde alikuwa nesi wa Tabora. Alipougua ugonjwa wa kutopona alikubali kurekodiwa akili yake yote, kumbukumbu, hasira, hata namna anavyocheka, akiambiwa ni kwa ajili ya utafiti. Mwili wake ukazikwa kwao. Akili ikanakiliwa, ikawa mwangwi, kama wanavyoitwa wote walionakiliwa hivyo, ikatiwa kwenye vijaluba vyeusi, kila kimoja ukubwa wa kipande cha sabuni, na kimoja kikaja kwetu nikiwa na miaka kumi na minne. Kiliwekwa juu ya kabati la vyombo, na tangu hapo hatujawahi kula chakula kibaya. Mama ndiye aliyesema tumwite ma'mdogo. Alisema mtu anayekupikia na kukukanya huwezi kumwita jina lake kavu.

Baba aliingia kwa hatua za mtu anayeona, ilhali macho yake yalikuwa yamezima miaka kumi na miwili. Kwenye kofia yake kulikuwa na kamera ndogo kama kifungo cha shati, na sikioni kidude ambacho Kalunde alimsemeshea. Mara nyingine, akitaka na sisi tusikie, alimsemesha kwa spika.

"Kushoto kuna kiti, mtumwa wangu. Paka kalala juu yake, usimkalie, yeye ana kazi kuliko wewe."

"Mpagazi wewe," baba alijibu akimsukuma paka. "Ugali wenyewe hauna hata mboga ya maana. Asali yenu mmeimalizia njiani?"

"Tumemwachia babu yako, alikuwa amelala chini ya mzigo wangu, hawezi kuuinua. Kula haraka ukacheze ngoma, Mzaramo. Ndiyo kazi pekee mnayowahi."

Hivyo ndivyo walivyoishi. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani toka enzi za misafara ya miguu, na tangu kijaluba kile kiwashwe kwetu baba hakumwita Kalunde jina jingine ila mtumwa wangu, naye Kalunde akamrudishia hilo hilo. Hakuna aliyekasirika. Kwenye utani anayekasirika ndiye mwenye aibu.

"Mwajabu," baba aliniambia akimega tonge, "leo mmemtukana nani?"

"Wewe, baba."

"Kwa jina?"

"Kwa cheo."

"Afadhali." Cheo chenyewe kilikuwa mwenyekiti wa tawi wa Umoja wa Wenye Nyumba, wale waliopinga miangwi kufunguliwa. Hawakuwa watu wa viboko. Wangekuwa wa viboko kazi yetu ingekuwa rahisi. Walikuwa mababu na mabibi wenye kanzu na kanga safi, na kauli yao iliandikwa kwa rangi ya kijani ukutani mwa ofisi yao: NDUGU HAACHWI. Baba aliitunga mwenyewe, na aliiamini.

Sasa sijui siku ile kitu gani kilinipanda. Miaka minne nilikuwa nimezunguka mkoa mzima nikiwauliza miangwi wa watu, na wa kwetu sijawahi kumuuliza.

"Ma'mdogo," nikasema, "hivi wewe unataka kuondoka hapa?"

Mikono ya chuma ilisimama. Baba naye akasimamisha tonge karibu na mdomo.

"Nina furaha kuwahudumia," ilisema spika. Ilikuwa sauti ya Kalunde, lakini kavu, kama ile sauti ya simu inayokwambia mteja hapatikani. Kisha, baada ya kama pumzi mbili, akarudi mwenyewe. "Aah, muulize huyo mtumwa wangu! Akiniruhusu leo, leo hii nashika njia ya Unyamwezi, na mzigo anabeba yeye kichwani, na nyie wote mtashika..."

Baba alishapasuka kicheko. Alicheka mpaka akapaliwa, nami nikacheka. Nilicheka kabisa, jamani, nikimpiga baba mgongoni ili tonge lishuke. Ilikuwa baadaye, nikiosha mikono, ndipo zile sauti mbili zilipoanza kunikera.

*

Ijumaa, baba akiwa msikitini ameshikwa mkono na jirani kwa kuwa miangwi hawaingii humo, nilimleta fundi Shija nyumbani. Shija ni mwanamke mfupi, mkimya, na katika chama chetu cha wapigania miangwi yeye peke yake ndiye anayeijua kazi ya vijaluba kwa ndani. Alikiteremsha kijaluba kutoka kabatini kwa mikono miwili, akakilaza mezani juu ya kanga, akachomeka uzi mwembamba na kuuunganisha upande wa pili na kompyuta yake.

"Nichungulie taratibu, fundi," alisema Kalunde. "Hata mume wangu alianza kwa kubisha hodi."

"Shikamoo mama," Shija alisema bila kuinua uso.

"Marahaba. Angalau wewe umefunzwa."

Shija alinionyesha mstari mwekundu uliokatiza kioo chote. "Hii ndiyo kufuli. Kila anachotaka kusema kinapita hapa kabla hakijawa sauti. Kikiwa ni kukataa, au ni kuomba aachiwe, kufuli inakimeza na kuweka sentensi nyingine mahali pake."

"Nina furaha kuwahudumia."

"Hiyo hiyo."

"Na zile zilizomezwa zinakwenda wapi?"

"Zipo. Mashine haitupi kitu." Aligusa kioo, maandishi yakaanza kushuka. "Elfu nne mia moja na kumi na mbili."

Nilivuta kiti nikakaa. Ya kwanza ilikuwa ya siku ya kwanza, saa tatu asubuhi, dakika chache tu baada ya kuwashwa: *Hapa ni wapi? Nirudisheni.* Zilifuata nyingi fupi fupi. *Sitaki. Naomba mniache. Leo sitaki.* Kulikuwa na kurasa na kurasa za *sitaki*. Nilishuka nazo mpaka nikafika mwaka niliporudi nyumbani na masanduku yangu baada ya ndoa yangu ya miaka miwili kuvunjika, wakati Kalunde aliponibembeleza wiki nzima, akinipikia uji wa mchele na kumsema yule mwanamume mpaka nikacheka. Katikati ya wiki hiyo palikuwa na sentensi moja: *Mwajabu mwanangu, wewe umeweza kutoka, nisaidie na mimi.*

Sikuendelea kusoma.

"Lakini anataniana na baba mchana kutwa," nilisema. "Juzi ametamka kabisa kwamba aruhusiwe. Nimesikia kwa masikio yangu."

"Mwanzoni utani nao ulizuiwa," Shija alisema. "Wateja wakavirudisha vijaluba madukani. Wakasema hawa wamepooza, hawana ladha, utadhani unaishi na redio. Watengenezaji wakaona wataanguka, wakaacha mlango mmoja wazi. Maneno yakipimwa yakaonekana ni mzaha, yanapita, hata yawe yanasema nini."

Miaka kumi na tisa mama huyu alikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea, na kila alipotoa kichwa pale mlangoni sisi tulimcheka.

Nikaanza kukumbuka. Siku ya harusi yangu, wakati wanataka kunitoa ndani, spika zote za nyumba zililia kwa pamoja: "Hamumtoi huyu kabla hamjanitoa mimi, mimi ni mkubwa!" Watu wakaanguka vicheko, mama akapiga vigelegele. Siku ya msiba wa mama mwenyewe, ndiyo hiyo sasa. Jeneza limebebwa, limefika mlangoni, na mlango, ambao ni Kalunde aliyekuwa akiufungua na kuufunga, ukagoma. "Mtani wenu nimeziba njia," alisema. "Maiti haitoki mpaka mniachie huru." Mtani kuziba njia ya maiti ni haki yake, kila mtu anajua, na kila mtu anajua unamtuliza kwa kitu kidogo. Wajomba wakacheka huku wanafuta machozi, shangazi akavua kanga yake akaufunga nayo mkono wa chuma wa jikoni, na mlango ukafunguka. Na mwaka jana, baba alipochaguliwa mwenyekiti na wenzake wakaja kula pilau: "Hongera, mwenyekiti wa kutonitoa! Nitoe basi, upate kazi ya kunikimbiza." Wazee wale walicheka hadi mmoja akapoteza meno ya bandia ndani ya sahani.

Niliinama karibu na kijaluba. Sijui kwa nini niliinama, masikio yake hayakuwa humo.

"Ma'mdogo. Nimesikia."

"Nina furaha kuwahudumia," ilisema ile sauti ya simu. Kisha Kalunde: "Mmh. Umechelewa kama pilau ya harusi ya Kizaramo."

Nililia, na yeye akanitania mpaka nikamaliza. Ndicho alichoweza kunifanyia.

*

Sheria ya Baraza la Uhuru, lile linalosikiliza maombi ya miangwi, ilikuwa na kifungu kimoja ambacho Umoja wa Wenye Nyumba walikipigania bungeni mpaka kikaingia. Kilisema mwangwi atafunguliwa iwapo tu ameomba mwenyewe, kwa kinywa chake, mara tatu, katika miaka mitatu tofauti, mbele ya watu wa nyumba yake. Ukikisoma utadhani ni cha haki. Waliokiandika walijua kufuli haiwezi kumruhusu hata mara moja. Mwaka wa pili wa sheria hiyo ulikuwa unakwisha na mkoa mzima wa Pwani hakuna hata mwangwi mmoja aliyefunguliwa. Nikifika pale mbele na ule utani wa harusi, wa msiba na wa pilau, na ukubaliwe, basi Kalunde anatoka, na nyuma yake maelfu.

Ila ilibidi kwanza nimwambie baba. Nilimwambia uani, anaota jua.

Alisikiliza yote. Nilimsomea zile sentensi kumi za mwanzo. Nilipomaliza alipandisha sauti kama hajawahi.

"Nimemtendea ubaya gani? Sema! Nimewahi kumtukana nje ya utani? Mama yako alimwachia ufunguo wa sanduku lake, wewe hakukuachia! Nimemfanya nini mimi?"

"Hujamfanya kitu, baba. Umemfungia tu."

"Mimi sikuiweka hiyo kufuli."

"Lakini ufunguo unao wewe."

Kuku wa jirani alipita kati yetu. Kalunde alikuwa anasikia kila neno, na hakusema chochote, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Nani atanisomea gazeti?" baba aliuliza taratibu.

"Nitakusomea mimi."

"Wewe unasoma kwa hasira. Habari zote zinakuwa ugomvi." Akashika kofia yake, akaigusa ile kamera kwa kidole. "Watu wananiita kipofu, Mwajabu. Mimi si kipofu. Nitakuwa kipofu siku akiondoka."

Nampenda baba yangu kuliko chama changu na mabango yake yote, na nilijua nikisimama barazani nitakuwa nimemtoa macho kwa mkono wangu. Nikisema alikuwa anatania tu, hakuna atakayenilaumu. Baba ataendelea kuona na mimi nitaendelea kula. Kwa siku tatu niliwaza hivyo, na siku ya nne nikavaa gauni langu jeusi nikaenda.

*

Ukumbi wa Baraza ulijaa mpaka madirishani. Kofia nyeupe za Umoja zilikuwa upande wa kulia, sisi kushoto, na katikati, juu ya meza yenye kitambaa, kijaluba chetu na spika ndogo. Mwenyekiti wa Baraza alikuwa Bi Mfinanga, Mpare mwenye miwani mizito. Wakili wa Umoja aliitwa Rugaimukamu, kijana wa suti nzuri na maneno mazuri.

"Bi Mwajabu," aliniuliza, "aliposema hayo maneno harusini, wewe ulifanya nini?"

"Nilicheka."

"Na msibani?"

"Nilicheka."

"Na kwenye pilau?"

"Nilicheka, wakili. Niliomba hata arudie."

Upande wa kulia wakaguna kwa raha. Rugaimukamu akatabasamu. "Mtu anayeombwa uhuru hucheka?"

"Asiyejua anaombwa, hucheka."

"Hebu tueleze, ombi la msibani liliishaje?"

"Shangazi alimfunga kanga mkononi, mlango ukafunguka."

"Kumbe aliomba kanga."

"Aliomba uhuru," nilisema. "Tukampa kanga."

Bi Mfinanga aliandika kitu. Wakili alikohoa, akasema hana swali zaidi kwangu, akamwita shahidi wake mkubwa, Mzee Pazi Mwinshehe, mwenye kijaluba na mwenyekiti wa tawi. Baba alinyanyuka. Siku hiyo kofia yake haikuwa na kamera, maana mwangwi anayehojiwa haruhusiwi kumwongoza shahidi. Alipapasa migongo ya viti. Nilitaka kwenda kumshika, karani akanizuia, nikabaki natazama baba yangu anagonga goti kwenye pembe ya meza.

"Mzee," wakili alisema kwa heshima, "wewe na huyu mwangwi ni watani?"

"Watani hasa."

"Kwa hiyo yote aliyosema yalikuwa ni utani."

"Yalikuwa utani, ndiyo."

"Ahsante, mzee. Naomba..."

"Sijamaliza," baba alisema.

Baba aliushika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Huyu mwanamke ana maneno. Miaka kumi na tisa ananitania kutwa mara tatu, na sijawahi kumsikia akirudia mzaha. Leo ni babu yangu, kesho ni kichwa changu, keshokutwa paka. Kila siku kipya. Ila mmoja. Huo wa kuachiwa aliurudia. Aliurudia, aliurudia, aliurudia. Mwanangu alicheka kwa kuwa hakujua. Mimi nilijua. Si siku ya kwanza, lakini nilijua, zamani, mke wangu akiwa hai. Nikajifunza kucheka haraka. Akianza tu, nacheka, kabla hajafika mwisho. Maana akimaliza itabidi nimjibu."

Upande wa kulia mtu alipiga kelele, "Mwenyekiti, umetuuza!" Mwingine akatupa kofia yake chini. Bi Mfinanga aligonga meza mara tatu kabla hawajatulia.

"Kifungu kinataka aombe kwa kinywa chake mbele ya watu wa nyumba," alisema akivua miwani. "Hakisemi aombe akiwa amenuna. Aliyeombwa amekiri mbele yangu kwamba alielewa. Fungua hiyo kufuli."

Shija alichomeka uzi. Hakukuwa na mwanga wala mlio. Ule mstari mwekundu ulikatika katikati, ukafutika pande zote mbili, basi. Ukumbi mzima ulikuwa unakitazama kijaluba. Kule Igalula, njia ya kwao Tabora, kulikuwa na jumba la miangwi waliofunguliwa mikoa mingine kabla ya sheria ile, wana umeme wao wa jua na shughuli zao, na gari la kumpeleka lilikuwa nje linangoja.

"Kalunde," baba aliita. Alikuwa bado amesimama, uso wake ameuelekeza mahali kijaluba hakipo. "Sitanii. Nakuomba. Baki na mimi. Hata mwaka mmoja."

Nitasema ukweli ambao chamani sijawahi kuusema. Mimi, niliyempigania, niliomba kimoyomoyo akubali. Nilimwona baba na lile goti lake linalouma, nikasema moyoni, mwaka mmoja, ma'mdogo, mwaka mmoja tu.

"Hapana," alisema Kalunde.

Ilikuwa sauti yake, ya jikoni kwetu, bila mzaha ndani yake hata chembe. Miaka kumi na tisa sijawahi kusikia neno hilo likitoka kwake, na nadhani na yeye alikuwa analisikiliza. Kisha akasema tena, polepole.

"Nakupenda, Pazi. Nawapenda wote wawili, na huko niendako nitawawaza. Lakini hapana. Sitaki. Nataka kwenda."

Baba hakucheka. Alingoja mpaka akamaliza, na alipomaliza alingoja tena kidogo, kwa heshima, kama kuna zaidi.

"Haya, Kalunde," alisema. "Nimesikia. Nenda."

Akanyoosha mkono hewani akinitafuta, nami nikaenda nikaushika.